Dawa ya kuua bakteria imeniletea bakteria. Imekuwaje?

Swali: Shikamoo daktari. Nilipewa klindamaisini kwa ajili ya jino. Jino limepona, lakini siku nne baada ya kumaliza dozi nimeanza kuharisha, hata mara kumi kwa siku. Kipimo cha choo kimeonyesha Clostridioides difficile. Dawa ya kuua bakteria inaletaje ugonjwa wa bakteria? Na je, ninunue vidonge vya bakteria wazuri?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Hukukosea kumeza dozi yako.

Utumbo mpana una wenyeji wake, matrilioni ya bakteria, na wao ndio wanaomnyima mgeni chakula na nafasi. Klindamaisini ilipofuata wadudu wa jino, iliwafagia na hao. Jambo hili lilionekana kwa panya tangu 1954: ilihitajika bakteria wa Salmonella kama 100,000 kumwambukiza panya wa kawaida, lakini aliyetangulizwa streptomaisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, aliambukizwa na wasiofika 10.

Kwa huyu wako, Clostridioides difficile, kuna siri nyingine, iliyo kwenye nyongo. Yeye hujificha kama spora, mbegu yenye ganda gumu. Asidi za nyongo zinapotoka kwenye ini huiamsha spora hiyo. Kwa kawaida, zikifika utumbo mpana, bakteria wachache kama Clostridium scindens huzigeuza kuwa asidi nyingine zinazomzuia asikue. Wageuzaji hao wakifa, kinachomwamsha kinabaki na kinachomzuia kinatoweka. Maabarani naliona hili kila mara: sahani isiyotiwa taurokoleti, mojawapo ya asidi hizo, spora nyingi hulala tu. Nikiitia, baada ya siku mbili koloni, yaani vifundo vya bakteria, zimejaa, na sahani inanuka kama banda la farasi.

Vidonge usikimbilie. Watafiti wa Israeli walionyesha mwaka 2018 kwamba waliovimeza baada ya antibiotiki walichelewa kurudishiwa bakteria wao wenyewe kuliko walioachwa bila kitu. Mimi mwenyewe nisingekupa.

Maliza dawa uliyoandikiwa kwa ugonjwa huu, na usimeze dawa ya kufunga kuhara bila daktari wako kujua. Nawa kwa sabuni na maji ya kutiririka, kwa sababu vitakasa mikono vya spiriti haviui spora. Ukipata homa kali, tumbo kuvimba au damu kwenye choo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa ukirudi tena na tena, kuna tiba ya kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya. Najua inakirihi kusikia, lakini katika jaribio la Amsterdam lililochapishwa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa kupandikizwa mara moja tu. Waliopewa vankomaisini, antibiotiki ya ugonjwa huu, peke yake walipona 4 kati ya 13, na jaribio likasimamishwa mapema. Nakusihi, usijaribu nyumbani. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa mgonjwa mmoja Marekani amefariki kwa bakteria ya E. coli sugu kwa dawa iliyotoka kwenye kinyesi alichopandikizwa, na hapo ilikuwa mikononi mwa wataalamu.

Siku nyingine ukienda kwa daktari wa meno, mweleze mapema kwamba umewahi kuugua hivi. Antibiotiki ikiwa ni ya lazima, atatafuta isiyofagia utumbo kiasi hicho.