Kompyuta mpakato imeshika Wi-Fi lakini haina intaneti

Ndugu yangu wa Tabata, kwa kuwa umeeleza kwamba simu za nyumbani zinapata intaneti kupitia ruta ileile, kifurushi hakijaisha. Kosa huenda limo ndani ya kompyuta yako.

Fungua dirisha la amri la Windows, uandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, hivyo futa jina la Wi-Fi hiyo kwenye orodha ya mitandao ya kompyuta, uzime ruta kwa dakika moja, kisha uunganishe upya. Anwani ikiwa sawa, andika ping 8.8.8.8, amri ya kujaribu kama seva ya Google yenye namba hiyo inajibu, majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki, yaelekea tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nawe unaweza kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama seva ya DNS katika mipangilio ya mtandao. Mimi nilihangaika siku mbili, kumbe ni programu ya VPN, ile inayopitisha intaneti kwenye seva nyingine, niliyoisahau ikiwa imewashwa.

Usiirudishe ruta katika hali ya kiwandani ikiwa huna nywila ulizopewa na mtoa huduma. Yote yakishindikana, mpelekee fundi pale Kariakoo, lakini usikubali aiwekee mashine hiyo Windows mpya kabla hujanakili mafaili yako kwenye diski nyingine.