Seva kubwa ya mtumba au kiboksi kidogo?

SWALI: Mimi ni fundi wa mitandao, najifunza usimamizi wa seva. Nataka maabara nyumbani ya kuendesha mashine pepe sita kwa pamoja (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja halisi): Windows Server mbili na Linux nne. Laptopu yangu ya RAM GB 8 inaganda nikiwasha mashine ya pili tu. Nimepata seva ya mtumba, prosesa mbili na RAM GB 96, kwa bei ya kutupa. Rafiki yangu anasema niiache, nichukue kompyuta ndogo ya ofisini. Nimsikilize?
Mfuko Mwepesi

JIBU: Msikilize, ndugu yangu. Seva kama hiyo niliwahi kuinunua. Tuliibeba watu wawili, tukaisukumiza chini ya meza. Nilipobonyeza kitufe feni zikanguruma kama zinataka kuruka nayo. Mke wangu akafungua mlango, akaitazama, akaufunga bila kusema neno. Nikachomeka kipima umeme: wati 150, na hapo sijawasha mashine pepe hata moja. Piga hesabu ya saa 24 kwa siku 30, ni uniti 108 kwa mwezi. Kiboksi nilicho nacho leo kikitulia hula wati kama 15, hazifiki uniti 11. Urahisi wa seva ile uliishia siku niliyoilipia.

Tafuta Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini. Ofisi hubadilisha kompyuta kwa mkupuo, ndiyo maana za mtumba hazikosekani. Yangu ina prosesa ya Core i5-8500T yenye viini 6, na sijawahi kuona vimeelemewa. Mashine za kujifunzia hushinda zimesinzia, kwa hiyo viini vinapokezana zamu bila ugomvi. RAM ndiyo haina masihara. Windows Server yenye madirisha yake ipe GB 4. Mbili ni 8. Linux nne za GB 2 ni 8 nyingine. Mfumo mwenyeji, ule unaozibeba mashine pepe zote, nao uuachie 2. Hizo ni 18, kwa hiyo GB 16 itakubana na GB 32 itakuacha unapumua.

Kabla hujalipa, omba kifuniko kifunguliwe. Nafasi za RAM kwa kawaida ni mbili tu. Ukikuta zimejazwa vijiti viwili vya GB 4, hesabu kwamba vyote utavitoa. Heri chenye kijiti kimoja cha GB 16, utaongeza cha pili ukipata. Na vijiti vyenyewe ni vifupi, vya laptopu. Mimi kwa haraka zangu nilinunua virefu vya kompyuta ya mezani. Bado viko kwenye droo.

Diski iwe SSD, ya GB 500 inatosha kuanzia. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachokimbia huku na huko. Mashine sita zikiita kwa pamoja, zote zinasubiri. Kama unayo ya zamani, ifanye ya bakapu.

Ukifika nyumbani ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya awali ya kompyuta, uhakikishe VT-x imewashwa (ndiyo inayoiwezesha prosesa kuendesha mashine pepe; kwa prosesa za AMD inaitwa AMD-V), kisha weka Proxmox VE, mfumo wa kuendeshea mashine pepe. Ni ya bure, imejengwa juu ya Debian. Usikate tamaa ukiona tundu la mtandao ni moja. Ndani ya Proxmox unaunda daraja, yaani swichi ya mtandao ya kuigizwa, lisiloshikana na kadi yoyote ya mtandao, mashine zako zikaongea zenyewe humo. Ukiwasha DHCP ya majaribio (huduma ya kugawa anwani za mtandao), simu za watu nyumbani hazitaguswa.

Ila kwanza geuza hiyo laptopu, ufungue skrubu za chini. Ikiwa kuna nafasi ya RAM iliyo wazi na ubao wake unakubali, ongeza kijiti cha GB 16 uanze na mashine tatu wiki hii hii. Kiboksi utakitafuta taratibu, bila pupa ya kuangukia seva nyingine ya bei ya kutupa.