Mbunge atwambie ya wiki inayokuja

Assalamu alaykum mhariri na wasomaji wote. Swali lenu la wiki hii mmeuliza, mbunge wako akikuandikia kila wiki kukueleza mambo ya nyumbani na ya kitaifa, ungetaka akwambie nini? Mimi naandika kutoka Lamu na jibu langu ni hili: nataka aniambie ya wiki inayokuja. Ya wiki iliyopita aseme kidogo tu apite, manake hayo yashakwisha na hata nikiyapigia kelele hayarudi.

Nasema hivi kwa sababu taarifa nyingi za viongozi tunazopata kwenye simu ni za mambo yaliyokwisha. Mheshimiwa alikuwa mazishini, mheshimiwa alikabidhi cheki, mheshimiwa alizindua darasa, hapa amesimama na walimu, hapa na wazee. Sioni ubaya, mtu kuja kuzika na nyinyi ni utu, lakini ile kazi hasa tuliyomtuma sijaambiwa imefika wapi. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne mchana, Jumatano asubuhi na mchana, na Alhamisi mchana, hizo ndo siku zake. Ijumaa anaweza kukaa chini akatuandikia, Jumatatu akasoma tulivyomjibu, Jumanne akaingia ndani akijua watu wake wanasemaje. Nafasi ipo, ni kutaka tu.

Kwanza kabisa atwambie kura. Wengi hawajui kwamba bungeni mara nyingi kura hupigwa kwa mdomo, spika anauliza, wanaokubali wanasema ndio, wanaokataa wanasema la, anasikiliza upande gani una sauti zaidi, bas imepita. Hakuna jina la mtu linaloandikwa. Kwa hivyo mbunge asipokwambia mwenyewe alisema ndio au alisema la, hujui na hutajua. Majina huandikwa pale tu wabunge wanapohesabiwa mmoja mmoja, kama ule Mswada wa Fedha wa 2024, tarehe 25 Juni ulipita kwa 195 dhidi ya 106 na kesho yake rais akasema hautii sahihi. Wakati ule kila mtu alikuwa na orodha ya majina kwenye simu. Lakini siku ile kuna vijana walikufa Nairobi wakiupinga, na mimi sitaki tufike huko tena ndo tujue mbunge wetu amesimama wapi.

Na mswada kama ule si kitu cha kuvamia mtu ghafla. Bajeti ina kalenda yake, makadirio ya matumizi lazima yafike bungeni kabla Aprili haijaisha na mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kila mwaka ni hivyo hivyo. Mbunge anajua kabisa kwamba Mei ni mwezi wa kuulizana habari ya kodi. Bas aandike mapema, jamani mswada umekuja, ukipita hivi ulivyo hiki kitapanda na hiki kitashuka, kamati inapokea maoni mpaka tarehe kadha, yapelekeni mahali kadha, na mimi mpaka sasa naegemea upande huu kwa sababu hii. Kifungu cha 118 cha katiba kinasema bunge lishirikishe wananchi, sasa utanishirikisha vipi kwa jambo nililolisikia siku linapigiwa kura?

Jirani yangu mmoja ni fundi wa injini za boti, alinionyesha ule mswada kwenye simu yake. Kiingereza kitupu, herufi ndogo, ukivuta kwa vidole zikue nusu ya mstari inatoka nje ya kioo. Na maneno yenyewe yanakwambia kifungu fulani cha sheria fulani kifutwe maneno haya yawekwe haya, halafu kinaruka kifungu kingine, yaani ili ujue umeambiwa nini inabidi uitafute ile sheria ya zamani uiweke kando ulinganishe. Yeye alichotaka kujua ni kimoja tu, petroli itapanda ama haitapanda. Ana haki, manake Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa kodi ya VAT ya mafuta 8% ikaipeleka 16%, na kwa watu wa bara hiyo ni nauli ya matatu lakini kwetu ni kila kitu, boti ya Faza, boti ya Kizingitini, mgonjwa anayevushwa usiku kuja hospitali, unga unaopakiwa Mokowe, mvuvi anayetoka nje kwenye maji makubwa wakati wa kusi na asijue atarudi na samaki wa kulipia mafuta. Hapo ndo ninapomtaka mbunge, achukue jambo la kitaifa alilete mpaka kwenye tangi la boti.

Sisi wa Lamu tushaona hasara ya kuambiwa baadaye. Bandari ya LAPSSET, ule mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, alikuja Kibaki, akaja Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, na mwaka huo huo watu wa hapa wakaenda kortini kulalamika kwamba mradi unaanza bila wao kuhusishwa wala kupewa habari za kutosha, na mikoko na sehemu zao za kuvua ndo zinaondoka. Hukumu ilitoka Malindi 2018, korti ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Miaka sita hiyo, na mtu anaishi kwa anachovua leo. Halafu ikaja kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, leseni yake ikafutwa na Jopo la Kitaifa la Rufaa za Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi mbili mbali mbali lakini zote utakuta swali ni lile lile, nani aliambiwa, aliambiwa lini na aliambiwa kiasi gani. Mbunge ndo mtu wa kutuambia kwanza, yeye anaziona hizi karatasi kabla yetu.

Jambo lingine, akiandika atenganishe yaliyo yake na yasiyo yake. Dawa zikiisha zahanati watu wanamlaumu mbunge, na afya iko chini ya kaunti, mambo mengi ya uvuvi pia ni kaunti, chekechea ni kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu kama ile ya Garsen, hizo ni serikali ya kitaifa na hapo tuna haki ya kumbana. Si kwamba nataka akwepe. Aandike, hili ni la gavana, nimemwandikia, akinijibu nitawawekea jibu lake hapa. Kaunti yetu ina wabunge wa maeneo wawili tu, wa Lamu Mashariki na wa Magharibi, kati ya 290, pamoja na mwakilishi wa kike na seneta. Wakianza kusukumiana hao wachache tutabaki na nani?

Na basari, hii inaniuma. Dada yangu ana binti yuko sekondari, na fomu za basari tulizisikia wiki ile ile zilipofungwa, kuna watu walizipata mapema kwa sababu wanajuana na watu. Ofisi siitaji, na najua si sisi tu. Fedha za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge unaotoa basari, kwa sheria si chini ya 2.5% ya fungu la serikali ya kitaifa, ni hela nyingi, tarehe ya fomu kutoka na tarehe ya kurudisha zikae mstari wa kwanza kabisa, zirudiwe wiki tatu. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka sheria ya huo mfuko ni kinyume cha katiba ikaupa mwisho wa 30 Juni 2026, na mimi hiyo habari niliipata kwa redio tu. Mzazi mwenye mtoto anayelipiwa na huo mfuko alifaa aelezwe na mbunge wake siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, mtoto wake atasomaje.

Kiswahili nasisitiza. Kifungu cha 120 kinakitaja kuwa lugha rasmi ya bunge, si kwamba tunaomba msaada. Na asituwekee wasap peke yake. Kiunga na Basuba netiweki ni ya kubahatisha, iandikwe karatasi ibandikwe jetini na madukani, isomwe redioni. Hata ikisomwa barazani haitoshi, baraza zetu ni za wanaume, mama akiwa ndani hasikii kitu mpaka mume aamue kumwambia, na mara nyingi hamwambii. Kwa hivyo arekodi sauti pia, dakika tano, aongee kama anavyoongea akitaka kura. Hiyo itamfikia nyanya yangu ambaye hasomi lakini mjukuu akimwekea simu sikioni anasikiliza mpaka mwisho na anauliza maswali kuliko sisi.

Urefu ukurasa mmoja watosha, chini yake nambari ya simu ya kujibia. Wiki inayofuata aanze na maswali tuliyomuuliza, hata yale makali, ayajibu moja moja, na lile ambalo hana jibu lake aseme atalijibu lini.