Unataka paka? Soma hapa kabla hujamleta ndani

Wiki hii meseji nyingi ni za paka, nadhani ni kwa sababu mahindi yameshaingia stoo na panya nao wamesikia. Najibu chache.

Jirani ananipa kitoto cha paka cha wiki tano, panya wananimalizia magunia. Nichukue? (Mama, Uyole)

Mama yangu, subiri kidogo. Wiki tano huyo bado ananyonya, na mama yake ndo anamfundisha asing'ate sana akicheza, na kama ni mwindaji anawaletea wanawe panya nusu hai wajifunzie pale pale. Mwambie jirani akutunzie mpaka wiki nane, kumi ndo safi zaidi, halafu muulize kitu kimoja tu: mama yake anakamata panya? Watu wanachagua rangi, mi nachagua mama. Na hiyo ya kumnyima chakula ili awinde achana nayo kabisa, mwenye njaa anaenda kudoea kwa watu, aliyeshiba bado anawinda tu, ndo alivyoumbwa. Sumu ya panya toa yote, maana akila panya aliyekula sumu na yeye anaondoka.

Dume au jike? (Kijana, Soweto, Mbeya)

Yeyote. Ila jike anaweza kushika mimba na miezi minne tu, siku 65 hivi baadae una vitoto kabatini, na dume asipohasiwa atakukojolea mapazia. Muone daktari wa mifugo mapema, na akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, ndio, hata paka wanaupata.

Nimepanga chumba kimoja Kihesa, choo kiko nje. Atajisaidia wapi?

Beseni pana, weka maranda. Huku kwetu mbao zimejaa, seremala yeyote atakupa kiroba bure, ila yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa na yasiwe ule unga wa msumeno. Mi siku ya kwanza nilibeba unga, paka akapiga chafya usiku kucha na mimi nikawa namjibu. Beseni likae mbali na sahani yake, hapendi kula chooni kama wewe tu.

Makambako baridi kali, nimuweke karibu na jiko?

Wangu alijiweka mwenyewe, akaunguza sharubu za upande mmoja, wiki kadhaa ana sura ya mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Boksi na sweta kuukuu vinatosha. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua hata nyie, sio paka tu. Na akipata mafua usimpe panadol hata kipande, kwa paka ni sumu. Maziwa ya ng'ombe pia wengi yanawaharisha, mpe maji na dagaa wasio na chumvi nyingi.

Nina mimba, wifi anasema paka atolewe. (Iringa)

Dada, wifi hajakosea sana ila amekimbilia mbali. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazma, kinatoka kwenye kinyesi cha paka, lakini kinakaa siku moja au zaidi ndo kianze kuambukiza. Kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku, na sio na wewe. Vaa glavu ukiwa bustanini, mboga osha vizuri, nyama iive kweli kweli maana huko nako kipo. Beseni mwachie shemeji, na asilalamike, ni miezi tu hiyo.