Vidonge vya kutuliza wasiwasi: majibu kwa maswali yenu

Natumia magnesiamu kupunguza wasiwasi, naishia kuharisha tu. Nifanye nini?

Acha kwanza kuimeza mpaka tumbo litulie, kisha geuza kopo usome nyuma. Ukikuta ni magnesiamu oksaidi, aina hiyo haifyonzwi vizuri. Inayobaki tumboni huvuta maji na choo kinalainika. Magnesiamu ya aina ya glisineti ni pole zaidi kwa tumbo. Tazama na kipimo: Marekani kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye virutubisho, chakula hakihesabiwi. Mwenye figo dhaifu asiiguse bila ruhusa ya daktari.

Theanini, ile kemikali ya majani ya chai, italeta usingizi kazini?

Kwa wengi, hapana. Tafiti nyingi zimetumia miligramu 200, kiasi ambacho kikombe kimoja cha chai hakifikii.

Niko kwenye dawa za sonona. Rafiki kanishauri niongeze St. John's wort, mmea unaouzwa kama dawa ya asili ya huzuni.

Nakuomba sana, usianze. Mmea huo na dawa nyingi za sonona hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, na ikizidi mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na akili huchanganyikiwa. Tena mmea huu hulichochea ini kuvunjavunja dawa nyingine haraka: vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya ARV, hata warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mama anameza kidonge chake kila jioni bila kukosa, kumbe dawa haikai mwilini. Linaniuma hili, kwa sababu kopo limeandikwa "asilia" na hakuna aliyemwonya.

Na ashwagandha, ule mmea wa dawa za asili za India?

Majaribio ya wiki chache yameonyesha inapunguza msongo kwa baadhi ya watu. Lakini yapo matukio ya ini kuumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mjamzito aiache kabisa, na mwenye tatizo la thairoidi, ile tezi ya shingoni, amuulize daktari kwanza. Ukiona macho yanakuwa ya njano au mkojo umekolea kama chai ya rangi, acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Moyo unanidunda na mikono inatetemeka bila sababu. Ninunue kipi?

Usinunue chochote bado, ndugu yangu. Upungufu wa damu unaweza kuufanya moyo udunde hivyo, na thairoidi iliyozidi kasi huleta yote mawili. Kapime damu. Hesabu na kahawa zako pia: baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ukienda kwa daktari, beba makopo yote unayotumia, hata yale ya vitamini, uyaweke mezani kwake ayasome mwenyewe.