Je, Harvey Milk ndiye aliyekuwa wa kwanza?

SWALI: Mhariri, nimesikia mara nyingi kwamba Harvey Milk wa San Francisco ndiye shoga wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa na wananchi bila kuficha hali yake. Je, ni kweli? Nimesikia pia kuwa alishindwa mara kadhaa kabla ya hapo. Ni kitu gani kilichobadilika? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, jina la Milk limevuma kuliko mengine yote, lakini hakuwa wa kwanza. Mwezi Aprili 1974, zaidi ya miaka mitatu kabla ya ushindi wake, Kathy Kozachenko, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan aliyekuwa na umri wa miaka 21, alichaguliwa kuwa diwani wa mji wa Ann Arbor kupitia chama kidogo kiitwacho Human Rights Party, kwa tofauti ya kura 52 tu. Hakuwaficha wapiga kura kwamba anapenda wanawake wenzake, ingawa miongoni mwa mambo aliyoyanadi ni kuwawekea wenye nyumba kikomo cha faida wanayopata kwa wapangaji. Novemba mwaka huohuo, Elaine Noble alishinda kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Massachusetts. Inasikitisha kwamba wanawake hawa wawili hutajwa kwa nadra.

Kuhusu Milk, ni kweli alishindwa mara tatu. Alikuwa na duka la kamera katika mtaa wa Castro, wakazi wa hapo walimfahamu vizuri, lakini mwaka 1973 na 1975 madiwani walichaguliwa kwa kura za jiji zima, hivyo wingi wa wafuasi wake mtaani ulimezwa na kura za watu wasiomjua. Mwaka 1976 akajaribu bunge la jimbo la California, akaanguka tena. Mwaka huo wananchi wakapitisha utaratibu wa kila kata kumchagua diwani wake, na Novemba 1977 Milk akashinda. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo ya utaratibu yalichangia ushindi wake kuliko mabadiliko yoyote ya mioyo ya watu.

Alikaa madarakani kwa muda usiofika miezi kumi na moja. Katika muda huo alisimamia sheria ya jiji iliyokataza kuwabagua mashoga katika ajira na makazi, ambayo diwani mmoja tu, Dan White, aliipinga. Alizunguka jimboni pia kupinga pendekezo la kuwafukuza mashoga kazi ya ualimu katika shule za umma, nalo likakataliwa na wapiga kura tarehe 7 Novemba 1978.

Siku 20 baadaye White, ambaye alikuwa amejiuzulu kisha akataka kurudishiwa kiti chake, aliingia katika jengo la halmashauri kwa kupitia dirisha la ghorofa ya chini ili akwepe mitambo ya kukagua silaha mlangoni, akampiga risasi meya George Moscone, kisha akamwendea Milk na kumuua naye.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Milk alikuwa amelitarajia. Mwaka mmoja kabla, mara tu baada ya kuchaguliwa, alijirekodi kwenye kanda akaagiza isikilizwe iwapo atauawa, na humo akataja watu aliotaka mmoja wao apewe nafasi yake. Meya mpya, Dianne Feinstein, alimteua Harry Britt, mmoja wa waliotajwa, ambaye naye alikuwa shoga asiyejificha. Mwaka 1980 San Francisco ilirudi kwenye kura za jiji zima, utaratibu uleule uliomwangusha Milk mara mbili, na chini ya utaratibu huo Britt alichaguliwa.