Kulanti ya kijani au nyekundu? Nilivyochemsha Kitonga na mama mkwe yuko siti ya nyuma

Jumamosi iliyopita saa kumi na moja alfajiri simu inaita, naangalia jina ni shemeji, moyo ukanilipuka maana kwetu simu ya saa hizo ni msiba tu. Kumbe yuko Chalinze pembeni ya barabara, Noah yake imechemsha. "Shem samahani kukuamsha, eti ile kulanti yako huwa unanunua ya rangi gani?"

Kulanti ni yale maji ya dawa yenye rangi ya kuweka kwenye rejeta, yanayozunguka kwenye injini. Nikamwambia ngoja nivae kwanza nikupigie. Sikuwa na haja ya kuvaa jamani, nilitaka tu asubiri kidogo. Mungu anisamehe.

Nasema hivyo kwa sababu huyu huyu shemeji miaka mitatu iliyopita alinipiga picha nimesimama kwenye kona za Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, boneti iko wazi, moshi unapaa, wigi limekaa upande, akaitupia kwenye group la familia na maneno "gari ya vitenge". Group lina watu arobaini na kitu. Mpaka leo kuna wifi akiniona anauliza "maji umeweka?" na wote wanacheka.

Gari yangu ni Carina Ti ya 1998, nimeinunua kwa hela ya vitenge na mzunguko wa kikoba, mkono wa tatu, na nilikuwa naipenda kuliko wanavyojua. Ilikuwa Disemba, tunakwenda Iringa kwenye kipaimara, mama mkwe kasema atapanda kwangu kwa sababu kwa shemeji kuna AC inamuumiza kifua. Siku mbili kabla ya safari nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote, simtaji, watoto wake wanasoma. Akafungua mfuniko wa rejeta akaona maji yamepungua, mle ndani kulikuwa na maji mekundu mekundu hivi, mwenye gari wa kwanza aliweka kulanti nyekundu halafu miaka yote wengine tukawa tunaongezea maji ya kisima tu, na nyie mnajua kisima cha Dar, ukichemshia chai unasikia chumvi. Fundi akamtuma kijana, kaja na galoni ya kijani, akamimina. Nikauliza, fundi hii si ya rangi nyingine? Akanijibu "dada kulanti ni kulanti, zote zinapoza." Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza linaniuma kuliko hela.

Mpaka Mikumi safi. Ruaha Mbuyuni tukasimama mama akanunua vitunguu, joto lile mnalijua, mibuyu yenyewe inaonekana imechoka. Tukaanza kupanda. Kitonga ukiwa nyuma ya semi huna ujanja, unapanda gia namba moja, upepo hauingii kwenye rejeta, injini inalia, na mimi naangalia mshale wa temperecha unatoka katikati unapanda taratibu kama mtu anayenyoosha mkono kuuliza swali darasani. Nilivyoona umekaribia H, ile alama ya joto kali, nikajipa moyo kwamba kona inayofuata nitasimama. Hiyo kona inayofuata ndiyo iliyoniua. Mama akasema "mbona kuna harufu ya kama sukari imeungua?" na hapo hapo mvuke ukatoka kwenye boneti.

Utingo mmoja wa lori akaja mbio na dumu la maji ya baridi, kwa nia njema kabisa, akamwagia kwenye injini ikiwa ya moto vile. Sikumzuia, nani alikuwa anajua. Injini ya Carina hedi yake, kile kipande cha juu, ni alminiamu na bloku ya chini ni chuma, vinatanuka tofauti, ukiipasha vile halafu ukaimwagia baridi ghafla hedi inapinda. Ikapinda. Tukavutwa mpaka Ilula, kesho yake Iringa mjini, kipaimara nikakisikia kwa simu.

Sasa hapa ndipo nilipopata elimu, kwa mzee mmoja fundi pale Iringa, mtu wa maneno machache, amevaa koti la suti juu ya ovaroli. Alifungua hedi akaniita, "mama njoo uone ulichokuwa unainywesha." Akachukua bisibisi akachokonoa kwenye tundu la kupitisha maji, ikatoka kitu kama uji wa ulezi uliolala, mzito, rangi ya udongo, una punje punje za kutu. Akakipaka kwenye kidole changu. Kinateleza na kinakwaruza kwa wakati mmoja. Halafu akanionyesha wota pampu, yale mapanga yake ya kusukuma maji yameliwa mpaka yamebaki kama kucha. Oili nayo ilikuwa imeshachanganyika na maji ikageuka chai ya maziwa. Gasketi mpya, kuskimu hedi (kuisawazisha inyooke), wota pampu, kuzibua rejeta, mipira, iliniondoka laki sita na ushee, na mtaji wa Januari ukaishia pale.

Mzee hakumlaumu fundi wangu peke yake, alisema rangi mbili kukutana kulimalizia tu, ugonjwa wenyewe ni maji ya kisima ya miaka yote. Alminiamu na chuma vikikaa kwenye maji ya chumvi vinakuwa kama betri, kimoja kinakula kingine. Kazi kubwa ya kulanti siyo kupoza kama tunavyodhani, maji matupu kwa kubeba joto ni bora kuliko hata hiyo kulanti. Kazi yake ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Ukipanda milima ndiyo unaona umuhimu, pale Iringa sufuria ya maji inachemka kwenye nyuzi 95 hivi, haisubiri 100 kama ya pwani.

Turudi kwenye swali la rangi, maana nikiandika kitu chochote humu watu wananiuliza kijani au nyekundu. Rangi ni rangi tu jamani!! Ni kama juisi, mwenye kiwanda anatia rangi anayotaka, kuna za kijani za aina tatu tofauti na kuna nyekundu ambazo hazipatani kabisa. Cha kuangalia ni dawa iliyomo ndani na gari yako ilitengenezwa kwa dawa ipi. Toyota za miaka ya tisini kama yangu zilikuwa zinatoka na ile nyekundu yao inayoitwa Long Life Coolant, ambayo mara nyingi inauzwa nzito na unaichanganya mwenyewe na maji nusu kwa nusu. Ile ya pinki ilikuja baadaye na imeshachanganywa tayari, usiiongezee maji tena. Silikati na fosfeti ni dawa za kuzuia kutu: Wajapani hawapendi zenye silikati kwa sababu zinakwangua sili ya wota pampu, Wazungu nao wanakwepa zenye fosfeti kwa sababu maji yao yana chokaa, kwa hiyo mwenye Golf au Benzi ya zamani asinifuate mimi, asome kitabu cha gari yake. Na wenye magari ya kizee kabisa yenye rejeta ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, zile Peugeot 504 na Land Rover za wazee, nyie zile za kisasa za kukaa miaka mitano siyo zenu, tafuteni ya kijani ya kizamani mbadilishe kila miaka 2. Mimi mwenyewe nabadilisha kila miaka 2 hata kama inaonekana safi.

Ukiwa hujui ndani kuna nini, usiongezee kitu juu yake. Mwaga yote. Na kumwaga siyo kufungua kile kikoki cha chini maji yakatoka ukasema tayari, nusu inabaki kwenye injini na kwenye hita. Mimi nilijaza maji safi, nikawasha injini na nikafungua hita mpaka mwisho, hapa Dar, saa saba mchana, vioo chini, jasho linanitoka kama niko sauna na majirani wanapita wanadhani nimechanganyikiwa. Ukiwa na hita imefungwa maji machafu yanabaki mle ndani yanakusubiri. Na gari nyingi za hapa mafundi wameshaunganisha ile mipira ya hita wakairuka kabisa, angalia yako. Nilimwaga na kujaza mara nne ndipo yakatoka meupe. Halafu nikaweka kulanti na yale maji ya kuongezea betri yaliyoondolewa chumvi, distilled water (maji, siyo tindikali, someni chupa), siyo ya bomba na siyo ya kisima. Gari yangu inakula kama lita 6. Nikaacha mfuniko wazi injini inaunguruma, naminya mpira wa juu hewa itoke, mapovu yalivyoisha nikafunga.

Mfuniko nao tunaudharau. Umeandikwa 0.9 pale juu, hiyo ni presha, na kwa presha hiyo hata maji matupu huku pwani hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukichanika presha hakuna, unapanda Kitonga na sufuria isiyo na kifuniko. Na thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, usikubali itolewe, fundi akikwambia "hizi za baridi za Ulaya" mwambie airudishe, injini isiyopata joto lake inakunywa mafuta na inakwisha haraka.

Kuhusu feki sina la ajabu la kusema, galoni isiyoandikwa imetengenezwa na nini wala ina kiwango gani mimi siigusi. Ya Kijapani natafuta iwe imeandikwa JIS K 2234, ndicho kiwango chao cha kulanti. Galoni ikiwa nyepesi kama maji na haitelezi kidoleni ni maji ya rangi hayo. Kwa kidole, siyo kwa ulimi! Ina utamu na ni sumu, inaua mbwa na inaua mtoto, ukiimwaga chini osha.

Na wanawake wenzangu niwaseme kidogo. Tunashona nguo ya send-off ya laki tatu ya kuvaa siku moja, halafu kulanti tunasema ghali, tunamwachia fundi galoni yoyote na tunakaa kwenye kiti cha plastiki tunachati. Simama pale. Uliza. Akikuona mjuaji mwache akuone mjuaji, injini ikifa haitakuwa yake. Mimi niliogopa kuonekana najifanya najua, nikaonekana na Iringa nzima nimekaa juu ya gunia la vitunguu pembeni ya barabara. Disemba iliyopita nimepanda Kitonga nyuma ya malori mawili, mama mkwe yuko siti ya mbele, mshale haukutikisika, na nilimwonyesha mara tatu mpaka akaniambia mama angalia barabara.

Shemeji nilimpigia baada ya dakika kumi. Nikamwambia azime, akae saa nzima asiguse mfuniko, ukipoa afungue kwa kitambaa taratibu, ajaze maji safi ya chupa yamfikishe nyumbani tu, asikubali kuuziwa galoni yoyote ya barabarani. Alifika salama. Jioni akaja nayo kwangu tukamwaga, yalitoka maji rangi ya matope na amekaa chini kwenye ndoo ameshika kichwa, shati jeupe lote limechafuka.

Nilimpiga picha. Kwenye group sijaiweka, ila sijaifuta pia.